Meya akichokwa, anayepigwa chini ni diwani

Mhariri,

Siku hizi ukurasa huu wa barua haukosi msomaji anayesema meya wa jiji amechokwa, kwamba waliokuwa wakimshangilia mitaani sasa wanageuza uso, na kwamba uchaguzi ukifika wananchi watamwonyesha. Hasira yao naielewa. Ninachouliza ni kimoja: watamwonyesha kwenye karatasi ipi?

Jiji la Arusha lina kata 25. Meya ni diwani wa kata moja. Mkazi wa kata nyingine 24 anaweza kumkasirikia meya kuanzia Januari hadi Desemba, akaamka alfajiri siku ya kura, akapanga foleni, akapewa karatasi tatu, ya Rais, ya mbunge na ya diwani, na jina la meya asilikute hata kwenye moja. Akitoka kituoni kidole kina wino na meya hajaguswa. Sitamtaja meya yeyote aliyeko madarakani, kwa sababu shida ninayoieleza ni ya kiti chenyewe. Angekaa malaika, ingekuwa hivyo hivyo.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982, ambayo wengi wanaijua kama Sura ya 288, inasema meya anachaguliwa na madiwani. Hesabu yake si ngumu. Chukua madiwani 25 wa kata, ongeza madiwani wanawake wa viti maalumu ambao ni kama theluthi ya idadi hiyo, ongeza mbunge wa jimbo na wabunge wa viti maalumu walio wajumbe wa halmashauri. Unapata ukumbi wa watu thelathini na kitu. Tukisema wajumbe ni 34, kura 18 zinatosha kumpata meya wa jiji ambalo sensa ya 2022 ililihesabia watu 617,631. Kumtoa kabla ya miaka mitano ni kazi nzito kuliko kumweka. Inatakiwa theluthi mbili ya wajumbe wote, siyo ya waliofika siku hiyo. Kwa mfano wetu ni watu 23, tena kwa sababu zinazotajwa na sheria, kama matumizi mabaya ya ofisi, rushwa au kushindwa kazi. Diwani anayejifanya mgonjwa siku ya kikao anakuwa amemsaidia meya bila kufungua mdomo. Naibu meya yeye hupigiwa kura upya kila mwaka, ndiyo maana anayetaka kupima joto la ndani ya baraza aangalie kwanza kura za naibu.

Na hizo kura 18 nazo huwa zimeshapigwa mahali pengine. Chama chenye madiwani wengi huwaita madiwani wake faragha, majina yaliyorudishwa na vikao vya juu yanasomwa, wanapigiana kura, anayeshinda ndiye mgombea wa chama. Mkutano wa kwanza wa baraza, ule wa kula kiapo, unakuja kugonga mhuri tu. Anayetaka kujua meya wake alichaguliwa lini hasa asiangalie siku ya sanduku la kura. Aulize kikao cha madiwani wa chama kilikaa lini. Kikao hicho hakina mawakala, hakina waangalizi, na matokeo yake hayabandikwi ukutani.

Arusha ilipaswa kulijua hili kuliko mji mwingine wowote nchini. Desemba 2010 Gaudence Lyimo wa CCM alitangazwa meya katika kikao ambacho Chadema walikikataa. Moja ya hoja zao ilihusu kura moja tu, ya Mary Chatanda, mbunge wa viti maalumu ambaye walisema ni wa Tanga na hakustahili kupiga kura Arusha. Ukumbi ukiwa na watu thelathini na kitu, kura moja ni mlima. Tarehe 5 Januari 2011 maandamano ya kupinga umeya huo yalizimwa kwa risasi na watu watatu wakapoteza maisha. Mwaka huo huo madiwani watano wa Chadema, mmoja wao wa viti maalumu, walioingia muafaka na CCM walivuliwa uanachama na chama chao, na kata za Kaloleni, Themi, Elerai na Kimandolu zikabaki bila madiwani. Uchaguzi mdogo ulipangwa Juni 2013. Tarehe 15 bomu likarushwa kwenye mkutano wa kufunga kampeni viwanja vya Soweto, watu wakafa, upigaji kura ukasogezwa hadi 14 Julai. Chadema wakabeba kata zote nne.

Meya je? Alivaa joho lake hadi 2015.

Hiyo ndiyo njia ambayo hasira ya umeya huipita hapa kwetu. Inazunguka miaka miwili na nusu, inaondoka na roho za watu, inaangukia kata nne, na kiti chenyewe hakitikisiki. Ni kumshusha konda garini kwa kosa la dereva, huku gari likiendelea na safari. Mwaka 2015 Chadema ikazoa karibu kata zote za jiji na Kalist Lazaro akawa meya. Mwaka 2020 akahamia CCM. Haki ya kuhama anayo kila mtu. Nakumbusha tu kwamba katika mlolongo wote huo, kuanzia kumpata hadi kumpoteza, mwananchi wa Sombetini au Moshono hakuwa na mahali pa kutia neno.

Wenzetu nao yamewakuta. Mwaka huo wa 2020 mameya Isaya Mwita wa Dar es Salaam na Alex Kimbe wa Iringa waliondolewa na madiwani, na kwa Mwita mabishano makubwa yalikuwa juu ya theluthi mbili, imetimia au haijatimia. Februari 2021 halmashauri yenyewe ya Jiji la Dar es Salaam ikavunjwa na Ilala ikapewa hadhi ya jiji.

Sasa tuje kwenye kuchokwa kwenyewe. Ukiyapanga mezani malalamiko anayorushiwa meya, utakuta mengi si ya meza yake. Barabara za mitaa ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu Julai 2017, na zile kuu ziko TANROADS, wakala wa barabara kuu. Maji ni ya AUWSA, mamlaka ya maji ya Arusha, ambayo inaripoti Wizara ya Maji. Ruti na nauli za vifodi, daladala zetu, ni za LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, ikaanza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na kupanda hadi 1,500 mwaka 2023, na mwenye nyumba anayeona makato kila akinunua umeme anaamini fedha hiyo iko mfukoni mwa jiji. Mkurugenzi wa Jiji, ambaye ndiye mshika kalamu wa malipo yote na katibu wa baraza, huteuliwa na Rais. Baraza likikosana naye linaweza kulalamika, kumfukuza haliwezi.

Ili tusiongee hewani, chukua mtaro mmoja wa Unga Limited au Ngarenaro mvua za Aprili zinapoanza. Mtaro ulijengwa pamoja na barabara, kwa hiyo kuchota mchanga na kurudishia mfuniko uliovunjika ni kazi ya wakala wa barabara. Kilichouziba ni chupa, mifuko na maganda ya ndizi, na taka ni za jiji. Bomba linalopita chini yake likipasuka, wanaochimba ni watu wa maji. Kifusi kikirudishwa kwa koleo bila kushindiliwa tabaka kwa tabaka, kinatitia baada ya wiki chache na kufanya bwawa pale pale walipochimba, na maji ya bwawa hilo yanarudi kula lami pembeni. Nguzo iliyosimama katikati ya yote ni ya TANESCO. Mama mwenye kibanda hapo hana sababu ya kukariri ofisi nne. Anamjua mwenyekiti wa mtaa, anamjua diwani, na redioni amesikia jina la meya.

Taka zina mkasa wao, na huu ni wa jiji moja kwa moja. Mzabuni wa taka kwa kawaida anaishi kwa ada anayokusanya nyumba kwa nyumba. Mtaa wenye walipaji wachache haumlipi hata mafuta ya kwenda dampo la Muriet na kurudi, kwa hiyo gari linafika kwa kusuasua. Gari likisuasua, waliokuwa wakilipa nao wanagoma. Mkusanya ada anarudi na karani wa mtaa, maneno yanatoka, usiku viroba vinatupwa mtoni. Mzunguko huo ukishaanza hauvunjwi kwa siku ya usafi ya Jumamosi wala kwa meya kushika fagio mbele ya kamera. Unavunjwa na mkataba unaotaja idadi ya safari kwa wiki kwa kila mtaa, mwenyekiti wa mtaa akasaini daftari kila gari linapoondoka, na mzabuni akakatwa kwa kila safari isiyo na saini. Pia mitaa inayolipa vizuri isipewe mzabuni mmoja na ile isiyolipa ikapewa mwingine. Ichanganywe, ili faida ya barabara za lami ibebe hasara ya vichochoro ambako lori haliingii na taka zinatolewa kwa mkokoteni. Kamati ya Fedha na Uongozi, ambayo mwenyekiti wake ni meya, hukaa kila mwezi. Inaweza kudai mkataba wa namna hiyo kabla ya zabuni inayofuata. Hapo ndipo pa kumbana meya, na ndipo ambapo hakuna anayembana, kwa sababu wote tuko barabarani tunamlaumu kwa mashimo.

Katika hili meya wengi wamejitakia. Mradi wa lami ukizinduliwa, meya yuko mstari wa mbele kukata utepe wa kazi ambayo fedha yake hakuipitisha na mkandarasi wake hakumsimamia. Anayekubali kupigwa picha na lami asishangae akiulizwa shimo. Ingekuwa salama kwake, na kweli zaidi, kusimama siku hiyo akasema: hii ni ya TARURA, mimi niulizeni soko, stendi, taka, leseni za biashara, vibali vya ujenzi, shule za msingi na zahanati.

Mikopo ya asilimia 10 inaonyesha vizuri jinsi lawama inavyohama. Fedha ni ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Aprili 2023 Serikali ikasimamisha utoaji wake nchi nzima, na ikarejea mwaka wa fedha 2024/25 kwa utaratibu mpya. Uamuzi ulitoka juu. Lakini kikundi cha akina mama walioandika katiba, wakafungua akaunti benki na kulipa nauli za kufuatilia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, mlango wanaoufahamu ni wa diwani. Diwani anasema suala liko jiji. Jiji linasema liko TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa. Kikundi kinasambaratika, na uchaguzi ujao wajumbe wake hawaendi kupiga kura, au wanaenda kumpiga chini diwani.

Kwa hiyo kupungua kwa uungwaji mkono kunapimwaje, ikiwa jina la mhusika halimo kwenye karatasi? Kunapimika, ila kwa uvumilivu. Waandishi wengi wanakimbilia kuhesabu umati wa mikutano, na umati hauna maana: wengine wamefuata msanii, wengine wamebebwa na magari. Anza na waliojitokeza kupiga kura. Kitaifa, kwa uchaguzi mkuu, walikuwa kama asilimia 72 mwaka 2005, wakashuka chini ya 43 mwaka 2010, wakapanda hadi 67 mwaka 2015, wakarudi karibu 51 mwaka 2020. Uchaguzi wa Oktoba 2025 uliundiwa tume ya kuchunguza matukio yake, nami siuchanganyi na hesabu hii. Ukitazama mfululizo huo utaona kwamba aliyekata tamaa kwa kawaida hahamii upande wa pili. Anabaki nyumbani.

Kipimo cha pili kiko kituoni. Matokeo ya Rais, mbunge na diwani hujazwa kwenye fomu tofauti lakini wapiga kura ni walewale, wa chumba kilekile. Chukua kura za mgombea Rais wa chama fulani, weka pembeni kura za diwani wa chama hicho hicho. Aliyempa Rais na kumnyima diwani ametoa hukumu juu ya taka, soko na mtaro. Mambo ya taifa hayakumsumbua. Angalia pia kura zilizoharibika kwenye fomu ya udiwani ukilinganisha na ile ya Rais. Zikiwa nyingi kwa udiwani peke yake, usiseme haraka kwamba watu hawajui kupiga kura, maana karatasi nyingine mbili walizijaza sawasawa. Jumlisha vituo vyote vya kata, kisha linganisha na miaka mitano nyuma.

Hapa ndipo hesabu nyingi zinapoharibikia. Usilinganishe idadi ya kura, linganisha asilimia, kwa sababu jiji hili lilikuwa na watu 416,442 kwa sensa ya 2012 na limeongezeka zaidi ya laki mbili katika miaka kumi. Diwani anaweza kupata kura nyingi kuliko mwaka uliopita na bado akawa amepoteza watu. Hakikisha pia kata haikugawanywa katikati na vituo havikuhamishwa, maana kata ikimegwa, ngome inaweza kuondoka na kipande.

Uchaguzi wa serikali za mitaa ungeweza kuwa kipimo kizuri kuliko vyote, kwa sababu uko karibu na mlango wa mtu. Lakini una daftari lake. Unasimamiwa na TAMISEMI, na kadi ya Tume ya Uchaguzi haikuingizi kwenye orodha ya mtaa. Mwaka 2024 uandikishaji ulikuwa siku kumi tu, 11 hadi 20 Oktoba, kwa ajili ya kura ya 27 Novemba. Aliyebaki na kadi yake kabatini akidhani inatosha alikuta jina halipo. Ukisoma matokeo ya mtaa, gawa kwanza waliopiga kura kwa wakazi wenye umri wa kupiga kura, si kwa walioandikishwa, vinginevyo utadhani watu wana hamasa kumbe wengi hawakuandikishwa kabisa.

Vipimo vidogo vipo pia: mahudhurio ya mkutano wa mtaa, kiwango cha kulipa ada ya taka, na madiwani wangapi waliopo wanaangushwa kwenye kura za maoni za chama chao. Hicho cha mwisho kina uzito katika kata ambazo upinzani haupo, kwa sababu kura ya maoni ndiyo inayobaki kuwa uchaguzi.

Ni vizuri kuona inakuwaje mahali ambako jina la meya limo kwenye karatasi. Chicago, Marekani, meya anachaguliwa na wakazi wenyewe. Aprili 2019 Lori Lightfoot alishinda raundi ya pili kwa takriban asilimia 74 na kuongoza katika kata zote 50 za jiji. Februari 2023 akapata kama asilimia 17, akawa wa tatu, akaaga. Magazeti yakaandika kwamba ameporomoka kutoka 74 hadi 17. Hesabu hiyo ina kasoro ambayo mchunguzi makini lazima aione: katika raundi ya kwanza ya 2019, iliyokuwa na wagombea 14, alikuwa amepata asilimia 17 na nusu hivi. Watu wake hasa walikuwa hao. Nyingine zilikuwa kura za kuazima, za waliomkimbia mpinzani wake, na wenye kura zao walikuja kuzichukua. Jiji hilo hilo mwaka 1979 lilimwangusha Michael Bilandic baada ya theluji ya Januari kufunga barabara na jiji kushindwa kuiondoa, na aliyemwangusha, Jane Byrne, naye akaangushwa 1983. Hakuna aliyesubiri theluthi mbili ya madiwani.

Karibu na sisi, Nairobi wanamchagua gavana moja kwa moja tangu 2013. Evans Kidero alikaa muhula mmoja, Mike Sonko akamtoa 2017, na Sonko akaondolewa na wawakilishi wa kaunti na Seneti Desemba 2020. Hasira ya Nairobi ina mahali pa kutua, hata kama takataka za Nairobi bado ni takataka.

Kwa sababu hiyo wapo wanaosema nasi tumchague meya wetu kwa kura ya wananchi, na tatizo litakwisha. Mimi sikubaliani nao, angalau kwa sasa, na sababu yangu iko Kampala. Erias Lukwago alichaguliwa na wananchi 2011, lakini sheria mpya ya jiji ilishaweka nguvu za utendaji kwa mkurugenzi mtendaji anayeteuliwa na Rais. Novemba 2013 madiwani wakapiga kura kumwondoa. Wananchi wakamrudisha 2016, na tena 2021. Kura walikuwa nayo, jina walikuwa nalo, na bado ufunguo wa kasha ulikuwa na mtu ambaye hawakumchagua. Tukifanya hivyo Arusha bila kugusa mamlaka ya mkurugenzi na fedha za TARURA, tutakuwa tumepata meya wa kelele, na miaka mitano baadaye barua hizi zitaandikwa upya.

Ninalopendekeza ni dogo na halihitaji katiba mpya. Kila chama kinachosimamisha madiwani katika jiji kitaje mgombea wake wa umeya kabla ya kampeni za udiwani kuanza, na jina hilo lisemwe katika kata zote 25. Mpiga kura wa Lemara akimchagua diwani wa chama fulani ajue anamchagua na meya yupi. Najua pingamizi: mgombea huyo anaweza kuanguka kwenye kata yake mwenyewe. Basi chama kitaje na wa akiba. Na akianguka kwake, wengine 24 tumeokolewa kazi.

La pili litawakera madiwani. Kura ya kumchagua meya ndani ya baraza iwe ya wazi, jina la diwani na jina alilolipigia. Watasema hiyo inawapa vyama fimbo ya kuwachapa wanaoasi. Fimbo hiyo ipo tayari, iko kwenye kile kikao cha faragha. Anayefichwa kwa kura ya siri leo ni mwananchi wa kata.

La tatu ni la kwako, Mhariri. Baraza la Madiwani hukaa kila baada ya miezi mitatu na mikutano yake ya kawaida iko wazi kwa wananchi. Mara nyingi inachukua siku mbili: ya kwanza madiwani wanasoma taarifa za kata zao, ya pili zinakuja taarifa za kamati na hotuba. Mwandishi wako hupelekwa siku ya pili, anarudi na hotuba. Mpeleke siku ya kwanza, akae mpaka mwisho, na gazeti lichapishe jedwali la mistari 25: kata, diwani alikuwepo au hakuwepo, alisema nini kimekwama, na menejimenti ilijibu nini. Robo inayofuata lichapishwe tena na safu moja ya ziada, kilichofanyika. Ukianza na kikao cha bajeti cha Januari au Februari itakuwa bora zaidi, kwa sababu bajeti ikishapita hapo inaenda kwenye Kamati ya Ushauri ya Mkoa na kisha Dodoma, na ifikapo Julai Mosi mtaro ambao haukuandikwa hauna fedha. Mwezi Juni kuna kikao maalumu cha kujadili hoja za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali. Na hicho pia ukipelekee mtu.

Wako,
Mkazi wa Kaloleni, Arusha